Hodi kwa Mpangaji

Mimi najua kutisha watu. Sisemi kwa majivuno, nasema kama fundi cherehani anavyosema anajua kukata gauni. Nipe penseli na wino mweusi, nikuchoree korido tupu yenye mlango mmoja uliofunguka kidogo tu, na leo hutakwenda chooni peke yako. Hiyo ndiyo kazi yangu na naijua.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi nimetisha kwa niaba ya wengine. Jina langu Shufaa, nakaa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, na ukitaka kuona picha zangu uzitafute ndani ya vitabu vya michezo ya mezani vya Ulaya, ambako jina langu halipo, au lipo ukurasa wa mwisho kwa maandishi ya kutafutia miwani. Wananiandikia: tuchoree ngome ya mawe, tuchoree zimwi linatembea kwenye theluji. Theluji! Mimi theluji ninayoijua ni ile barafu ya kwenye friji ya Bi Biubwa, anayoikwangua kwa mwiko huku akiilaani. Nimeichora mpaka nikachoka roho. Siku moja niliweka kalamu chini nikamwambia Anold, "Haki ya Mungu, mimi sitakufa nimechora theluji."

Anold ni mshirika wangu. Kwao Ubena, anafundisha hisabati sekondari, na ndiye anayetunga kanuni za mchezo wakati mimi natunga hadithi na picha. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe nitaeleza mara moja, nisirudie. Watu wanakaa mezani, na kila mmoja ana mhusika wake, amemwandika kwenye karatasi: nguvu zake, woga wake, anachojua kufanya. Mmoja wao ni mwendeshaji. Huyo ndiye anayesimulia: mmefika njia panda, kushoto msitu, kulia mto, mnafanyaje? Wachezaji wanasema wanafanyaje. Wakijaribu jambo gumu wanarusha dadu yenye pande ishirini, na dadu ikikataa imekataa. Kitabu cha mkasa ndicho kinachompa mwendeshaji nyumba, viumbe, na picha za kuwafunulia wachezaji wakati ukifika. Yaani ni hadithi, ila wasikilizaji ndio wanaoamua mguu uende wapi.

Mkasa wetu ulikuwa *Nyumba ya Mpangaji*. Kijiji kimoja kaskazini ya Bagamoyo kimenyamaza. Si kwamba watu wamekufa, wapo, wanalima, wanapika, ila hakuna anayetoa sauti. Sauti zao ziko kwenye nyumba moja nyeupe nje ya kijiji, ambako kuna kiumbe kilichohamia wenyewe walipoondoka. Wanakiita Mpangaji. Kinakula sauti za watu na kuzitumia. Vyumba saba, kila chumba na picha yake, na Mpangaji mwenyewe kwenye chumba cha saba. Picha yake niliichora kwa mwezi mzima nikiwa nimekigeuzia mgongo kioo, na sioni haya kusema hivyo.

Nyumba ilikuwa ya huku kwetu. Kuta za chokaa, baraza, mlango wa nakshi, uani kisima. Hapo ndipo Vicky alipoanza.

Vicky ndiye mchapishaji, ana duka na karakana ya michezo Dar es Salaam, Mikocheni. Alisoma kazi yetu yote, akanipigia simu. "Picha zako zinanitisha, Shufaa, sikufichi. Lakini nyumba ya Bagamoyo haimtishi mtu. Nyumba nyeupe, baraza, viatu mlangoni, hapo mtu anasubiri kuletewa chai. Watu wanataka ngome."

"Ngome ya nani?"

"Ngome tu. Theluji, mnara, popo. Anold ameshaniambia kanuni zinahamishika."

Nilimgeukia Anold pale pale, akaangalia dari. Mwanamume mzima, moyo laini kama andazi la moto.

Tulibishana mpaka Vicky akatoa sharti. Atakuja Bagamoyo Jumamosi, atazame mkasa ukichezwa na watu ambao hawajawahi kushika dadu ya namna hiyo. "Wakifika chumba cha saba mbele ya macho yangu, nachapa kilivyo, na jina lako juu ya jalada. Wasipofika, tunahamia kwenye ngome." Nikasema njoo. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Tulikuwa tumeshajaribu mkasa ule na rafiki zake Anold wa chuo, na wale walipita vyumba vyote saba, wakatoka wamekunja nyuso kwa woga.

Jumamosi asubuhi nikaandaa meza chumba cha mbele, mlango wazi, upepo unapita. Wachezaji niliwachagua mwenyewe. Wa kwanza Bi Biubwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, mdomo wake haujui likizo. Amenikaripia kupitia ukuta ule tangu nikiwa na nywele za mabutu. Wa pili Muhidini, dereva wa lori la mchanga, kila siku Msata na kurudi, mtu mwenye jibu kwa kila kitu. Wa tatu Tina, binti wa Chalinze anayesoma muziki hapa mjini, mwimbaji wa kwaya.

"Shikamoo Bi Biubwa," Tina akasema akivuta kiti.

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huu mchezo una pesa?"

"Hauna."

"Basi una chai?"

Chai ilikuwepo, na vitumbua. Anold akawagawia wahusika. Bi Biubwa akawa mwindaji, Muhidini akawa mwizi mwenye funguo bandia, jambo lililomfurahisha kupita kiasi, na Tina akawa mwimbaji ambaye nyimbo zake huwafukuza mapepo.

Vicky akafika. "Hodi, hodi!" alisema, na alipomaliza kuisema alikuwa ameshapita meza, yuko kwenye kabati la vyombo, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Ndivyo watu wa haraka wanavyopiga hodi, wanaipigia ndani.

"Karibu, ingawa naona umeshajikaribisha," nikamwambia. Alicheka, akaweka funguo mezani karibu na picha zangu, akakaa pembeni na kalamu yake.

Anold akaanza. Anasimulia vizuri, nimpe haki yake. Aliwapitisha kijijini kwa watu wasio na sauti, na Tina akaanza kujikunyata. Akawatoa nje ya kijiji, njia nyembamba, mnazi mmoja uliokatika kichwa. Kisha akafunua picha yangu ya kwanza. Nyumba nyeupe. Dirisha moja lina pazia. Barazani kuna jozi mbili za viatu, vimepangwa vizuri, vimeelekea ndani. Viatu vile ndivyo nilivyovipenda kuliko kitu chochote kwenye picha ile.

"Mama wee," Tina akasema. Mimi nikamtazama Vicky kwa jicho la pembeni. Vicky akaandika kitu.

"Mko mbele ya mlango," Anold akasema. "Mnafanyaje?"

Bi Biubwa hakusita. "Tunapiga hodi. Hodi!"

"Kimya," Anold akasema kwa sauti nzito.

"Hodi wenyewe!"

"Kimya."

"Hodi jamani!"

"Kimya kabisa." Anold akatabasamu. Alidhani kimya kile kinawatisha.

"Basi hawapo," Bi Biubwa akasema. "Twendeni zetu." Akachukua kitumbua.

Anold akacheka, akatazama huku na huku, hakuna aliyecheka naye. "Hapana, ngojeni. Mlango hauna kufuli kubwa. Muhidini, wewe ni mwizi, una funguo bandia."

"Ninazo," Muhidini akasema, "lakini ndugu yangu, mchana kweupe? Nimepiga hodi mara tatu, sijaitikiwa, niingie? Nikimkuta mke wa mtu ndani kavaa kanga moja, mumewe nitamwambia nini?"

"Wewe ni mwizi!"

"Mwizi, si fidhuli."

"Ndani kuna zimwi!"

"Hilo mimi nalijuaje? Mimi naona viatu barazani. Kwa hiyo watu wamo, ila hawataki wageni leo. Ni haki yao."

Viatu vyangu! Nilihisi kama nimepigwa kofi na mkono wangu mwenyewe.

"Kwetu Chalinze tunamwuliza jirani," Tina akasema kwa upole, akitaka kusaidia. "Jirani yupo?"

Anold akafungua kurasa, akafunga, akafungua tena. Jirani hatukumwandika. "Hakuna jirani," akasema.

"Nyumba gani hii isiyo na jirani?" Bi Biubwa akauliza. "Wakizikana wanazikana na nani?"

Jasho lilimtoka Anold. "Mvua inaanza kunyesha! Mvua kubwa, ya radi! Mnafanyaje?"

"Tunakaa barazani mpaka ikatike," Bi Biubwa akasema. "Baraza kazi yake nini?"

Na kweli wakakaa barazani. Muhidini akaanza kumsimulia Tina, ndani ya mchezo, habari za barabara ya Msata inavyoharibika wakati wa mvua. Vyumba saba vilikuwa nyuma ya migongo yao, picha zangu zimelala kifudifudi mezani, na wao wanapiga soga kwenye baraza ya zimwi. Anold akarusha dadu bila sababu yoyote, mikono itulie tu.

Vicky akafunika kalamu yake. "Nadhani nimeona," akasema taratibu. Wala hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Unaona, Shufaa? Ni nyumba ya kunywea chai. Ngomeni watu wangevunja mlango."

Nilikasirika, wallahi nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimkasirikia Vicky, nikamkasirikia Anold, nikawakasirikia wote watatu na vitumbua vyangu midomoni. Nikafungua mdomo niwaambie waingie tu, ni mchezo, waingie! Halafu nikajiuliza, mimi Shufaa, ningeingia? Nimepiga hodi tatu kwenye nyumba ya watu, sikuitikiwa, niusukume mlango? Thubutu. Ningegeuka, na njiani ningepita kwa jirani. Hawa watatu walikuwa wamecheza sawasawa. Walioharibu ni rafiki zake Anold wa chuo, waliokulia kwenye michezo ya kompyuta. Wale waliupiga teke mlango hata kabla Anold hajamaliza sentensi, na sisi tukadhani mambo yako sawa. Tulikuwa tumechora nyumba ya kwetu, tukaiingia kwa mguu wa wageni.

Na hapo hapo, kama mtu aliyekumbuka alikoweka sindano, nikaona pa kushonea.

"Anold, sogea," nikasema.

"Shufaa, tumeshindwa, tukubali tu."

"Sogea nikwambie."

Akasogea. Nikakaa kwenye kiti cha mwendeshaji, nikavuta picha zote upande wangu. Nilikuwa mtulivu ghafla. Kila nilichokificha chumba cha saba nitakileta mlangoni, leo na sasa hivi.

"Mvua imekatika," nikawaambia. "Mnafanyaje?"

"Tunaondoka," Bi Biubwa akasema.

"Haya. Mnashuka barazani. Njia ina matope. Mnapita mnazi ule uliokatika kichwa. Nyumba iko nyuma yenu." Nikaigonga picha ya nyumba kwa kidole. "Ndani ya nyumba, mtu anasema, 'Karibu.'"

Kikombe cha Bi Biubwa kikabaki hewani.

"Nani?" Muhidini akauliza.

"Mwanamke. Mtu mzima. Anasema, 'Karibuni jamani! Mbona mnaondoka, na hodi mlishapiga?'"

Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya Bi Biubwa. Nimeshawaeleza, sauti ile imenikaripia ukutani tangu utotoni. Naijua inapopanda, naijua inapokwaruza, naijua inavyolivuta lile "jamani" mwishoni. Tina akamshika Bi Biubwa mkono.

"Hiyo si sauti yako?"

Bi Biubwa akafungua mdomo ajibu. Nikanyanyua kidole. "Mhusika wako anafungua mdomo, hakitoki kitu. Ulipiga hodi mara tatu, Bi Biubwa. Sauti yako iko ndani. Kuanzia sasa, husemi."

Yarabi, mngeona uso wake! Mwanamke ambaye hajanyamaza tangu nimjue, akafunga mdomo, akatutazama mmoja mmoja. Nje pikipiki ikapita, Tina akaruka kitini.

"Tuondoke," Muhidini akasema, lakini alinong'ona.

"Tukiondoka, sauti yake tunamwachia nani?" Tina akamjibu. "Na ameshatukaribisha. Tulipiga hodi, tumekaribishwa, tunaondokaje?"

Muhidini akakuna kidevu. "Haya," akasema. "Tunaingia."

Hakuna aliyewasukuma. Waliingia kwa miguu yao, kwa adabu zao, wakavua viatu barazani na kuvipanga pembeni ya zile jozi mbili, na alipotaja kuvivua viatu, Muhidini mwenyewe alisita. Alikuwa ameelewa zile mbili za kwanza ni za wageni waliokaribishwa kabla yao, wasitoke.

Anold, Mungu ambariki, hakukaa kununa. Alishika karatasi akaandika kanuni mpya mbio mbio, akanisogezea: *Asemaye ndani ya nyumba mara tatu amechukuliwa sauti.* Nikawasomea. Basi kuanzia hapo chumba changu kilinyamaza kama msiba. Walikuwa wakionyeshana kwa vidole, kwa nyusi, kwa kutikisa vichwa. Mimi nafunua picha moja baada ya moja. Chumba cha kwanza, kitanda kimetandikwa na shuka linapumua. Chumba cha pili, sinia la wali wa moto na mikono inayokula bila miili. Katika kila chumba ile sauti ya Bi Biubwa ikiwaita kwa upole, "Piteni, piteni, msione haya," na mwenye sauti amekaa hapo hapo, ameshika ncha ya kanga yake kwa meno.

Muhidini alipoteza sauti chumba cha tano. Dadu ilimkataa, akapiga kelele "Ala!" mara moja zaidi ya alizoruhusiwa. Tina alikuwa ameshasema mara mbili. Likabaki neno lake moja tu kati yao wote watatu.

Chumba cha saba nikafunua Mpangaji.

Sitaieleza picha ile. Nitasema tu kwamba hana uso, na shingoni ana vinywa vidogo vidogo vingi, kimoja kinacheka. Muhidini aliitazama kidogo, akanyoosha mkono akaigeuza kifudifudi mezani. Hakuna aliyemlaumu.

"Mpangaji amekaa kitini," nikawaambia. "Anasema kwa sauti ya Muhidini, 'Ndugu yangu, mmefika. Hapa ndipo kwenu sasa.' Mlango ulio nyuma yenu umejifunga. Mnafanyaje?"

Tina alitaka kuimba. Angeimba, wimbo ungekuwa neno lake la mwisho, na dadu yake ya siku ile niliiona, isingemfaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika jinsi ya kumshinda Mpangaji: kamba, kisima, mambo mengi. Sasa hakuna aliyekuwa na sauti ya kuuliza habari za kisima. Nikaanza kuona nimewabana kupita kiasi, na kwamba wakifia hapa Vicky ataondoka na ngome yake.

Bi Biubwa akasimama. Hakusema kitu. Alijifunga kanga vizuri, akachukua mkoba wa kubuni akautia kwapani, akamtazama Mpangaji, yaani mimi, akainamisha kichwa kwa heshima kama mtu anayeaga. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha mlango, akanionyesha mimi, akaonyesha mlango tena. Nyie hamwelewi? Ndivyo macho yake yalivyokuwa yanawaambia wenzake. Akarudia. Anaaga. Mwenyeji. Mlango.

Tina akaelewa. Akameza mate, akasimama naye, akalitumia neno lake la mwisho lote kwa pumzi moja.

"Mwenyeji, tunashukuru, tunaomba ruhusa tuondoke, utusindikize."

Anold akatikisa kichwa, kanuni ile hatukuiandika popote. Lakini mimi nilishamfanya Mpangaji aseme karibu kama mwenye nyumba, kwa kinywa changu. Kama anajua kukaribisha, basi kusindikiza nako kunamhusu. Angebaki kitini vipi?

"Anasimama," nikasema. "Hataki, lakini anasimama. Mlango unafunguka."

Nikawatembeza chumba hadi chumba, Mpangaji nyuma yao, nyayo zake zinasikika. Wakavaa viatu. Wakashuka barazani. Alipotaka kuishia hapo kizingitini, Bi Biubwa akamgeukia akamtazama vile anavyomtazama mtu asiye na adabu, mkono kiunoni, na wallahi mimi niliyekuwa Mpangaji nilijisikia vibaya. Nikamsogeza zimwi wangu mpaka kwenye mnazi uliokatika kichwa.

"Nyuma yake mlango unajifunga," nikasema. "Mpangaji anageuka. Anarudi mpaka mlangoni. Anasema, 'Hodi.' Anasema kwa sauti zote alizonazo. 'Hodi.' Na 'hodi' ya tatu. Ndani hakuna mtu wa kumwitikia."

Nikawageukia wote watatu.

"Hodi tatu zimemnyang'anya yeye pia. Sauti zenu zimerudi."

"Mshenzi wewe!" Bi Biubwa akalipuka. "Sauti yangu unaipeleka kwa majini! Nikuimbie wewe, nikulee mimi, halafu unanitia kwenye shingo ya afriti! Tunacheza tena lini?" Muhidini alikuwa anacheka huku anajifuta jasho, Tina anacheka na machozi yanamtoka, na Anold akanikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Vicky hakucheka. Alisimama, akakusanya karatasi zake haraka haraka, uso umekunjamana. "Nitakupigia Jumatatu," akasema.

"Chakula kipo, wali uko uani."

"Jumatatu, Shufaa."

Nikainuka nimtoe mpaka kwenye gari, maana mgeni ni mgeni hata akija na ngome.

"Usinisindikize!" akasema kwa ukali, na akatoka karibu anakimbia.

Mlango ulibaki wazi na mimi nimesimama katikati ya chumba kama nimemwagiwa maji. Wenzangu walikuwa wameshaenda uani kwenye wali, kelele zao zinafika mpaka mbele. Nilitaka kulia, nisidanganye. Wamefika chumba cha saba na kukipita, mbele ya macho yake, kama alivyotaka, na hata ahsante hakuna, hata kuniruhusu nimfikishe barazani hakuna. Nikaanza kukusanya picha. Nikaiona theluji ikinijia, minara, popo, na jina langu ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo. Chini ya picha ya nyumba nyeupe mkono wangu ukagusa kitu kigumu. Funguo za gari.

Kivuli kikaangukia sakafuni, kutoka mlangoni. Mtu kasimama barazani, pembeni kidogo, simwoni. Nikasubiri hodi. Haikuja. Akakohoa. Akavua viatu, nikavisikia vikipangwa.

Simu yangu ikalia. Nikatazama jina. Vicky.

"Haloo?"

"Shufaa, nimesahau funguo." Sauti ilikuwa inatoka mara mbili, kwenye simu na barazani. "Niletee."

"Si uko hapo mlangoni? Ingia."

"Niletee tu, tafadhali."

"Piga hodi basi, nikukaribishe."

"Sipigi."

"Kwa nini?"

"Asubuhi nilipiga mbili," akasema. "Ya tatu sipigi, Shufaa, hata uniue. Na Jumatatu usingoje simu yangu, anza kuchora jalada. Nyumba hiyo hiyo, na viatu hivyo hivyo. Sasa lete funguo nje, mimi huko ndani siingii."

Nilizichukua zile funguo nikazibana kifuani kwa mikono miwili, na machozi niliyoyazuia tangu mwanzo yakashuka yenyewe. Nikajifuta kwa kanga. Nikajikohoza. Halafu, nikiwa bado ndani, kwa sauti ya mwanamke wa Dar mwenye haraka zake, nikasema, "Karibu."

Kelele aliyoipiga ilimtoa Bi Biubwa uani na mwiko wa wali mkononi.